Kipa namba mbili: uchambuzi wa kisa cha mlinda mlango wa magongo wa Uhispania

Kisa kimetoka wapi

Nilikaa Catalonia, jimbo la Uhispania lenye mji wa Barcelona, misimu miwili nikisaidia kufundisha makipa wadogo kwenye klabu moja ya huko, na huyu dada mwenye kisa, kipa wa zamani, ndo alikuwa msimamizi wa makipa jioni za Jumanne na Alhamisi. Watoto wakishaondoka tulikuwa tunabaki wawili kuokota mipira na kukusanya koni, na hapo kwenye kuokota mipira ndo alikuwa ananisimulia, leo hiki kesho kile, mpaka jioni moja akaja na daftari lake la zamani nikaelewa kwamba hiki ni kisa kizima. Nikamwomba ruhusa nikiandike kwa Kiswahili kwa ajili ya makocha na makipa wa kwetu. Akakubali kwa sharti kwamba jina lake lisitoke, klabu zisitoke, na mwaka wa mashindano usitajwe. Nimetii. Nitamwita M, na vitu vidogo vya kumtambulisha nimeviondoa.

Swali la kisa ni moja tu. Kipa mwenye uwezo afanye nini akijikuta namba mbili, nyuma ya mtu anayemzidi na ambaye hana dalili ya kuondoka leo wala kesho? Nimeshika makipa Nairobi miaka kadhaa na kila timu niliyopita ilikuwa na namba mbili wake anasubiri pembeni, na mi mwenyewe nimewahi kuwaacha wasubiri bila hata kuwaambia wanasubiri nini. Ndo maana kisa hiki kilinigusa sana.

Mazingira

Tukisikia Uhispania akili zetu wengi zinaenda kwenye mpira wa miguu, lakini wazee wa magongo wa Nairobi wanaikumbuka Barcelona ya 1971, Kombe la Dunia la kwanza kabisa la magongo, Pakistan bingwa, Uhispania wenyeji wa pili, India wa tatu na Kenya wa nne, tukifungwa na India 2-1 kwenye mechi ya kugombea nafasi ya tatu. Yani kuna wakati sisi na hao watu tulikuwa tunakaribiana kabisa. Baada ya hapo njia zikaachana. Wanaume wao wana medali tatu za fedha za Olimpiki, Moscow 1980, Atlanta 1996 na Beijing 2008, na wanawake wana dhahabu ya 1992, mechi zikichezwa Terrassa, mji wa zamani wa viwanda vya nguo karibu na Barcelona, fainali wakiwafunga Wajerumani 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Kwa wasichana wa Catalonia wanaoshika gongo ile dhahabu bado inasemwa kama jambo la juzi, M anasema amesikia habari za siku ile kutoka kwa watu wengi sana hadi anahisi kama alikuwepo.

Ila medali isikudanganye ukadhani kuna pesa. Mchezaji wa magongo Uhispania, hata wa timu ya taifa, mara nyingi anasoma au ana kazi nyingine. Tangu 1988, maandalizi ya Barcelona 92 yalipoanza, kuna mpango unaitwa ADO unaowapa wanamichezo wa Olimpiki ufadhili, lakini ufadhili huo unafuata matokeo, ukifanya vizuri unapata, usipofanya vizuri au usipocheza, unabaki na mfuko wa mama na baba. Na timu ikikosa kufuzu kila mtu anaumia, kama wanawake wa Uhispania walivyokosa London 2012. M alikuwa anasoma chuo asubuhi, anafundisha watoto jioni, mazoezi yake mwenyewe usiku.

Sasa kuna jambo la kanuni ambalo lazima liwe wazi kabla sijaendelea. Kwenye magongo kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, unaingia unatoka unaingia tena, mechi nzima ya robo nne za dakika 15. Kwaiyo mchezaji wa ndani aliye namba 16 kikosini bado anapata dakika zake, atapewa nne hapa tano pale, mwisho wa siku amecheza. Kipa namba mbili anapata sifuri. Hakuna anayempumzisha kipa, hachoki kwa kukimbia. Tofauti ya namba moja na namba mbili kwa mshambuliaji ni dakika chache, kwa kipa ni dakika 60 kwa 0, na hiyo ni kila wikendi, na ukija kwenye Olimpiki inakuwa mbaya zaidi manake kikosi ni watu 16 na timu nyingi zimezoea kuandika kipa mmoja tu humo ndani, wa pili anasafiri kama akiba nje ya orodha. Anafanya mazoezi na wenzake, siku ya mechi anakaa jukwaani.

Mambo yalivyokwenda

M alianza akiwa mdogo kama watoto wote wa huko, wanapokezana kukaa golini kwa zamu, na zamu yake ilipoisha aliomba aendelee. Hakuna cha ajabu hapo. Alipanda kupitia timu za vijana za klabu yake ambayo ni klabu kubwa, akaitwa kwenye timu za taifa za umri, na alipofika miaka 19 akapandishwa timu ya wakubwa kuwa namba mbili.

Namba moja alikuwa kipa wa timu ya taifa. Alikuwa amemzidi M miaka michache tu, na kipa wa magongo anaweza kucheza mpaka anakaribia miaka 40, kwaiyo hesabu haikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. M anasema hakuiona hesabu hiyo. Aliona heshima ya kuvaa jezi ya wakubwa.

Msimu wa kwanza alicheza mechi moja ya kombe. Wa pili mbili. Wa tatu alicheza mechi moja ya ligi pale namba moja alipokuwa na homa, wakashinda, na wiki iliyofuata akarudi benchi, na kocha akamwambia maneno ambayo nadhani yanasemwa kwenye kila uwanja duniani: zamu yako itafika.

Msimu wa tatu ulipoisha ndo akafanya kitu ambacho mimi nakiona ndo moyo wa kisa hiki. Alichukua lile daftari. Kwenye kila ukurasa alichora goli, mstatili, akaandika vipimo vyake halisi, mita 3.66 kwa upana na 2.14 kwa urefu kwenda juu, akaugawa visanduku tisa, na akaanza kurudia kichwani na kwenye video kila mpira uliopigwa golini kwake kwenye mechi ya kweli tangu apandishwe. Nukta nyeusi amedaka, duara jekundu amefungwa. Nimeyaona hayo makaratasi. Miaka mitatu yote imeenea kurasa nne. Na penalti kona, ile adhabu wanayopewa washambuliaji walinzi wakifanya kosa karibu na goli, ambayo ndo inaamua mechi nyingi za magongo, zilikuwa chache kiasi kwamba alizikumbuka moja moja, nani alitoa mpira, nani alipiga, hali ya hewa ilikuwaje.

Mazoezini alikuwa amezipokea maelfu. Kwenye mechi, hizo za kuhesabika kwa vidole.

Kiangazi hicho klabu ndogo, ndo kwanza imepanda ligi kuu, ikampigia simu. Hawakuwa na kipa. Akaenda.

Msimu wa kwanza huko ulikuwa mateso kwa anayeutazama kutoka nje. Timu ilikuwa inabanwa kwenye nusu yake, mpira unarudi, unarudi, penalti kona zinafuatana hadi watazamaji wanachoka, na M anafungwa. Daftari likajaa. Kurasa ambazo zilikuwa zinachukua mwaka sasa zilikuwa zinachukua wikendi mbili. Na katikati ya msimu, usiku mmoja akiwa anafungua kurasa kwa pamoja mezani, akaona maduara mekundu yamesongamana sehemu moja, kisanduku cha juu kulia kwake, upande wa gongo.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wasiozoea. Kipa wa magongo anashika gongo mkono wa kulia, mkono wa kushoto una glavu pana ya kuzuia. Penalti kona inapotolewa, kipa na wenzake wanne wanakaa nyuma ya mstari wa goli, mpira unasukumwa kutoka pembeni, unatulizwa nje ya duara (ile nusu duara iliyo mbele ya goli), unarudishwa ndani na kupigwa, yote hayo ni kama sekunde mbili hivi. Mpigaji akiamua kuucharaza mpira kwa gongo, kanuni inataka usivuke mstari wa goli juu ya sentimita 46, ndo maana makipa wengi hujilaza chini wakaziba. Lakini dragi fliki, ule mkwaju ambao mpira hauchapwi, unaburuzwa na gongo kisha unaachiwa kama kombeo, huo hauna kikomo cha urefu, unaweza kwenda mpaka juu kabisa kwenye nyavu. Sasa M alikuwa anaanza kushuka mapema. Kidogo sana, goti la kulia linakunjika kabla mpira haujaondoka kwenye gongo la mpigaji, na wapigaji wazuri wanaliona hilo goti. Mazoezini kwenye klabu kubwa halikumgharimu, manake wapigaji wale wale walikuwa wanafanya zoezi lao, wanalenga kona walizopangiwa, hakuna aliyekuwa anamsoma yeye.

Akalifanyia kazi hilo goti miezi. Alichofanya ni kujilazimisha kusubiri mguu wa mbele wa mpigaji utue chini, mguu wa kushoto kwa sababu gongo la magongo ni la mkono wa kulia kwa watu wote, na mpaka huo mguu utue yeye asiamue kitu. Alinionyesha kwa vitendo pale uwanjani, mimi nasimama na mpira kwenye duara, yeye golini bila pedi, ananiambia niutue mguu polepole, na kila nilipoutua alikuwa anatoa sauti ndogo mdomoni, "sasa". Alisema ile sauti alianza kuitoa wakati ule na hajawahi kuiacha, hata kwenye mechi alikuwa anaisema chini chini ndani ya helmeti.

Klabu ndogo ilishuka daraja mwisho wa msimu. M akaitwa kambi ya timu ya taifa ya wakubwa.

Akabaki nao wakapanda tena, akawa anaitwa kambini mara kwa mara kama kipa wa tatu, halafu wa pili. Na hapo ndo likaja la nyonga. Kinena kilianza kumuuma upande mmoja, maumivu ya ndani yanayokuja ukitanua miguu kuteleza kwa pedi, na kipa kazi yake ni kutanua miguu. Kulikuwa na uteuzi wa mashindano makubwa wiki sita mbele. Hakumwambia mtu. Fizio wa klabu, yani mtaalamu wa tiba ya viungo, alimuuliza akasema ni uchovu, kocha wa makipa wa taifa alimuuliza akasema amelala vibaya, akameza dawa za maumivu na kuendelea. Wiki ya tano mguu ukagoma katikati ya zoezi, akabebwa. Vipimo vikaonyesha ile pete ya gegedu inayozunguka tundu la nyonga imechanika. Upasuaji, miezi nje, mashindano yakaenda bila yeye.

Alirudi. Ilimchukua muda mrefu kuliko daktari alivyosema lakini alirudi, na misimu miwili baadaye akaenda Olimpiki kama kipa wa akiba nje ya orodha ya 16.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kubaki klabu kubwa miaka mitatu. Nilimuuliza kwa nini, akataja mambo matatu bila kufikiri sana: wapigaji wa pale walikuwa wa daraja la juu na alikuwa anakutana nao kila siku, kocha wa makipa alikuwa mzuri, na kuondoka kungeonekana kama ametoroka. Sababu mbili za kwanza ni nzito kweli. Ya tatu ndo iliyomshikilia. Familia yake yote ni wanachama wa klabu ile, bibi yake bado anakwenda kukaa pale Jumapili, na kumwambia bibi kwamba msimu ujao utavaa rangi nyingine si jambo dogo. Huku kwetu tunaelewa vizuri jambo hilo, kuna klabu za Nairobi ambazo mtu anazaliwa ndani yake.

Uamuzi wa kuondoka. Hapa alipingwa na karibu kila mtu. Hoja ya kocha wake ilikuwa kwamba makocha wa taifa hawaendi kuangalia timu inayofungwa, na hoja ya baba yake ilikuwa kwamba kipa anayefungwa mabao mengi anaharibika kichwa. Yeye akawaonyesha zile kurasa nne. Baba hakusema kitu, aliziangalia muda, akamuuliza watamlipia nauli ya gari moshi au la.

Uamuzi wa kuficha maumivu. Sababu ni ile ile kanuni ya dakika 60 kwa 0. Kiungo akisema ana maumivu anapumzishwa wiki, anarudi, nafasi yake ipo. Kipa aliye namba mbili akisema ana maumivu, namba tatu anapanda, na akipanda akafanya vizuri mlango umefungwa miaka minne. Sisemi alifanya sawa, alikosea na yeye mwenyewe anakubali, nasema tu kwamba mfumo ulimpa sababu ya kunyamaza na haukumpa hata moja ya kusema.

Uamuzi wa kukubali kwenda Olimpiki nje ya orodha. Huu ulimchukua usiku mmoja. Alijua hatacheza, manake ili aingie lazima namba moja aumie kiasi cha kutolewa kabisa kwenye mashindano, na alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba unajikuta umekaa jukwaani unaangalia rafiki yako anapigwa mipira na kuna sehemu ya akili yako unaiogopa kuisikiliza. Alikubali kwa sababu alitaka kuwa pale. Hilo tu.

Matokeo

Aliitumikia timu ya taifa mechi kadhaa za kirafiki na za mashindano madogo, hakuwahi kuwa namba moja wake. Baada ya Olimpiki akastaafu timu ya taifa akiwa na umri ambao makipa wengine ndo wanaingia kilele. Akacheza ligi misimu mingine kadhaa kwenye ile klabu ndogo, ambayo haijashuka tena tangu wakati huo, na watu wa pale wanamheshimu kwa namna ambayo sijaiona kwenye klabu kubwa. Nyonga inamsumbua baridi ikizidi. Sasa anafundisha.

Uchambuzi: kilichofaa

Daftari. Naliweka mbele ya kila kitu. Halikuwa na teknolojia yoyote, ni kalamu mbili na rula, lakini lilibadilisha swali kutoka "mimi ni mzuri au si mzuri" kwenda "nimepokea mipira mingapi ya kweli na imeingia wapi". Swali la kwanza hakuna kipa anayeweza kulijibu akiwa benchi, litamla usiku. La pili linajibika. Na bila daftari asingeliona lile goti, manake video za mechi moja moja hazikuonyesha kitu, kila bao lilikuwa na kisingizio chake, beki wa kumkimbilia mpigaji kachelewa, mpira umegusa gongo la beki, ni pale alipoziweka kurasa pamoja ndo kisingizio kikakosa pa kukaa.

Kwenda pale mipira ilipo. Hoja ya baba kwamba kipa anayefungwa sana anaharibika haikuwa ya kipuuzi, nimeona makipa vijana wakivunjika hivo. Ila M alikwenda akijua anafuata nini. Aliwaambia viongozi wa klabu ndogo tangu mwanzo kwamba anataka mechi zote na kwamba video za kila penalti kona apewe, wakakubali, na mtu wa kuchukua video alikuwa ni mama wa mchezaji mmoja aliyekuwa anasimama nyuma ya goli na simu, mvua au jua. Kufungwa ukiwa na kazi unayoifanya juu ya kufungwa kwako ni tofauti kabisa na kufungwa tu.

Kusubiri mguu utue. Kiufundi hili ni la kufundishika na nimelileta Nairobi. Watoto wanalishika haraka kuliko wakubwa. Ninachoona ni kwamba ukimwambia kipa "usishuke mapema" anakakamaa, lakini ukimpa kitu cha kusubiri, mguu, anatulia mwenyewe.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Miaka mitatu ilikuwa mingi. Mmoja ungetosha, labda miwili. Alijifunza mengi mwaka wa kwanza kutoka kwa namba moja na kutoka kwa wale wapigaji, na hilo halikanushiki, ila kuanzia wa pili alikuwa anarudia. Na hakuna aliyekaa naye chini kuhesabu. Kocha alikuwa mtu mwema, M anamsema vizuri mpaka leo, lakini "zamu yako itafika" si mpango. Mpango una tarehe. Mpango unasema mechi hizi tatu za kombe ni zako hata namba moja akiwa mzima, robo ya mwisho ya mechi tunayoongoza mabao manne ni yako, Januari tukikuta hujapata mechi sita tunakutafutia klabu ya mkopo. Hakuna kanuni inayozuia kumbadilisha kipa katikati ya mechi, ni mazoea tu, na mazoea hayo yanawamaliza makipa wengi kimya kimya.

La nyonga lina pande mbili zenye makosa na nimelifikiria sana. M alidanganya watu waliomuuliza, hilo ni lake. Lakini fizio na kocha wa makipa waliuliza wakiwa wamesimama, uwanjani, mbele ya wengine, wiki chache kabla ya uteuzi. Nani angesema ukweli hapo? Kitu ambacho kingemsaidia ni mtu asiyehusika na uteuzi, anayepokea taarifa za maumivu na hapeleki majina kwa kocha mpaka mchezaji aridhie, na kwa kipa liwe ni jambo la kila wiki, nyonga, kinena, magoti, kwa sababu hizo ndo sehemu zinazokwenda kwanza. Sisi Nairobi hatuna fizio wengi, najua, lakini mtu mmoja wa kumuuliza kipa kwa faragha unampata popote. Kwenye timu yangu sasa ni mama anayetunza vifaa, na wasichana wanamwambia mambo ambayo mimi kama kocha nisingeyasikia kamwe.

Kuna lingine ambalo M halioni kama kosa, na mimi naliona. Alipokuwa namba mbili hakuwahi kumuuliza namba moja maswali. Walikuwa wanaheshimiana, wanasalimiana, wanapasha moto pamoja, lakini lile goti la kulia namba moja alikuwa ameliona, alikuja kumwambia miaka baadaye kwamba aliliona tangu msimu wa kwanza. Hakulisema kwa sababu hakuulizwa, na pia labda kwa sababu mtu anayekugombea nafasi hakupi silaha. Nilimwambia M kwamba hapo kulikuwa na mwalimu wa bure aliyelala. Akanyamaza, halafu akasema katika umri ule kuuliza kulikuwa sawa na kukiri. Sijui kama kuna kocha anayeweza kuwalazimisha makipa wawili kuambiana ukweli, ila anaweza kuwapa kazi ya pamoja inayofanya ukweli utoke, mfano kila mmoja achore goli la mwenzake.

Na hilo la kuchora goli la mwenzake sikulitunga mimi. Kule Olimpiki, M akiwa jukwaani bila kazi, hakuna aliyempangia chochote siku za mechi, alifungua daftari akaanza kuchora wapinzani. Kila timu iliyokuwa inakuja mbele, mpigaji wake wa dragi fliki, visanduku tisa, mguu wake unatua wapi, anapenda kona gani akiwa anaongoza na kona gani akiwa nyuma. Usiku alikuwa anachana ukurasa na kuusukuma chini ya mlango wa chumba cha namba moja, bila kugonga. Daftari aliloniletea lina sehemu hiyo katikati, vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye uzi, kama tisa au kumi. Nilimuuliza kurasa zenyewe ziko wapi. Akasema anazo namba moja, hakurudisha, na yeye hakuziomba.